Ugumu wa Timu Si Ngumi

Najua wengi wenu mnakuja hapa kusoma habari za simu, programu na bei za bando. Leo mtanivumilia kidogo, nataka kuzungumza michezo. Lakini msiondoke, kompyuta zitaingia kabla hatujaagana.

Kwanza niseme jambo ambalo marafiki zangu hapa Malindi hulicheka kila siku: mimi ni shabiki wa hoki. Si ile ya nyasini tu, hata ile ya barafuni ya Canada na Marekani. Naam, barafuni! Naishi mji ambao barafu yake yote iko kwenye masanduku ya samaki, na hata uwanja wetu unaoitwa Alaskan haujawahi kuona theluji. Ugonjwa huu niliupata Nairobi nikisomea sayansi ya kompyuta. Huko kuna timu inayoitwa Ice Lions, iliyoanzia kwenye kiwanja cha barafu kilichofunguliwa mwaka 2005 katika hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Mwaka 2018 vijana hao walipelekwa Canada, wakacheza wakiwa na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon upande wao. Tangu siku hiyo mimi nimekwisha.

Na kabla hujaniambia kwamba hoki si mchezo wetu, ngoja nikukumbushe. Timu ya Kenya ya hoki ya nyasini ilimaliza ya sita katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, kisha ikawa ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza kabisa, Barcelona, mwaka 1971. Beki wetu Avtar Singh Sohal alicheza Olimpiki nne, tatu kati ya hizo akiwa nahodha. Harambee Stars, pamoja na mapenzi yangu yote kwao, hawajawahi hata kukanyaga Kombe la Dunia.

Haya, tuingie kwenye ugomvi wenyewe.

Katika NHL, ligi kubwa ya hoki ya barafuni, wachezaji wawili wakitupa glavu chini na kuanza kupigana, marefa husimama pembeni wakingoja wachoke au mmoja aanguke. Kisha wote wawili hupelekwa kwenye benchi la adhabu, dakika 5 kila mmoja, halafu hurudi kucheza. Umesoma vizuri, hurudi kucheza! Ndiyo maana kwa miaka mingi timu nyingi ziliajiri mtu ambaye kazi yake hasa ilikuwa ngumi. Mimi humwita baunsa.

Mashabiki wa zamani watakwambia timu isiyo na baunsa ni timu laini. Ukiwa na nyota, lazima awe na mtu wa kumlinda, ili adui afikirie mara mbili kabla ya kumkata miguu. Wayne Gretzky alipokuwa Edmonton alikuwa na Dave Semenko pembeni yake. Alipouzwa Los Angeles mwezi wa Agosti 1988, Marty McSorley, mtu wa ngumi mwingine, alikwenda naye katika biashara ile ile. Hoja hii si ya kijinga. Mtu akimuumiza mwenzako, na refa asione, utafanya nini?

Lakini mimi ni mtu wa data, basi tuangalie.

Mfano unaotajwa sana ni Philadelphia Flyers, waliotwaa Kombe la Stanley mwaka 1974 na 1975 kwa sifa ya ubabe. Mbabe wao mkuu, Dave Schultz, alipewa dakika 472 za adhabu katika msimu wa 1974-75, na rekodi hiyo haijavunjwa mpaka leo. Mechi moja ni dakika 60. Piga hesabu: dakika zake za adhabu zinakaribia mechi nane nzima! Sasa, tuzo ya mchezaji bora wa hatua ya mtoano miaka yote miwili alipewa nani? Si Schultz. Alipewa Bernie Parent, golikipa. Ngumi zilipata sifa, kazi ilifanywa na mtu aliyesimama golini akidaka. Na mwaka 1976 Flyers walipokutana fainali na Montreal Canadiens, timu ya kasi na ufundi, walichapwa mechi nne kwa bila.

Halafu kuna bei ya ubabe, ambayo hailipwi na shabiki aliyeketi akipiga makofi. Derek Boogaard alicheza mechi 277 za NHL akafunga mabao 3. Hakuajiriwa kufunga. Alifariki Mei 2011 akiwa na miaka 28, kwa mchanganyiko wa pombe na dawa za maumivu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Boston walipouchunguza ubongo wake waliukuta umeharibika kwa ugonjwa unaohusishwa na kupigwa kichwani mara kwa mara. Miaka 28, wadau. Ni umri wangu mimi.

Mwaka 2025 wapenzi wa ngumi walipata sherehe yao. Tarehe 15 Februari, mjini Montreal, Marekani na Canada walikutana katika mashindano ya mataifa manne. Ndani ya sekunde 9 za mwanzo kulikuwa na mapigano matatu! Ndugu wawili, Matthew na Brady Tkachuk, walikuwa wa kwanza na wa pili kuingia. Marekani wakashinda 3-1, na kila mtu akasema mmeona, ngumi zimefanya kazi. Siku tano baadaye timu zile zile zikakutana fainali mjini Boston. Safari hii hakuna aliyetupa glavu. Canada wakashinda 3-2 katika muda wa nyongeza, bao la Connor McDavid, mtu ambaye silaha yake ni miguu na mikono laini. Kombe lilikwenda Canada.

Sasa turudi nyumbani, maana ugumu wa kweli mimi niliuona Kasarani, kwenye soka.

Agosti 2025, mashindano ya CHAN, timu ya Benni McCarthy. Tarehe 7 dhidi ya Angola, Marvin Nabwani alipewa kadi nyekundu dakika ya 21, mechi ikiwa 1-1. Kenya ikacheza zaidi ya saa nzima na watu kumi. Matokeo? 1-1. Siku tatu baadaye dhidi ya Morocco, Ryan Ogam alifunga dakika ya 42, kisha Chrispine Erambo akatolewa kabla ya mapumziko. Kipindi kizima cha pili, watu kumi dhidi ya Morocco, timu ambayo mwishowe ndiyo iliyochukua kombe lenyewe. Matokeo? 1-0, Kenya! Morocco hawakupoteza mechi nyingine yoyote katika mashindano yale.

Sisemi kadi nyekundu ni sifa. Nasema angalia walichofanya waliobaki. Hakuna aliyekwenda kulipiza. Hakuna aliyemzunguka refa dakika kumi akipunga mikono. Walisogea, wakaziba pengo, kila mmoja akabeba kipande cha kazi ya mwenzake aliyetoka. Ndio huo ugumu wa timu ninaouzungumzia.

(Hapa ndipo kompyuta zinapoingia, niliwaahidi.) Sisi tunaoandika programu hatupimi mfumo siku ambayo kila kitu kiko sawa. Ukitaka kujua kama mfumo ni imara, zima seva moja makusudi utazame. Ukianguka wote, ulikuwa dhaifu siku zote, hukujua tu. Ukipunguza kasi kidogo lakini wateja wakaendelea kuhudumiwa, umejenga vizuri. Kenya dhidi ya Morocco ulikuwa mfumo uliopoteza seva moja na wateja hawakujua.

Kwa nini nayasema haya yote? Kwa sababu ya viwanja vyetu.

Mwaka jana nilihudhuria fainali ya kombe la vijiji huku kwetu Kilifi. Sitataja timu wala mahali. Kulikuwa na winga mmoja, kijana wa miaka 17, mguu wa kushoto wa ajabu. Kocha wake alikuwa amemwalika mtu kutoka timu kubwa aje amtazame. Muda wote kijana anakatwa miguu, refa anatoa onyo la mdomo, anakatwa tena. Dakika ya sabini na kitu beki wa upande wake akachoka kuvumilia, akamshukia yule mkataji kwa ngumi. Mashabiki wakaingia uwanjani. Mechi ikavunjika. Mbuzi na jezi za mshindi zikabaki kwa waandaaji, na yule mgeni alipanda bodaboda akaondoka kabla vumbi halijatulia.

Jioni ile kwenye kibanda cha mahamri, nani aliyekuwa akisifiwa? Mpiga ngumi! Ati huyo ndiye mwanamume, ati amemtetea mwenzake. Mimi nikauliza: amemtetea vipi? Mwenzake alikuja kuonekana, na hakuonekana. Mama yake kijana sasa hataki hata kusikia habari za mpira.

Lakini lawama zote nisimpe yule beki. Kanuni zilimwangusha. Kabla ya ngumi, yule mkataji alikuwa hajalipa chochote. Onyo la mdomo halina uzito, na refa wa kijijini anaogopa kutoa nyekundu kwa sababu atarudi nyumbani kwa miguu kupitia watu wale wale. Kati ya onyo na nyekundu hakuna kitu chenye uzito wa kutosha. Ndani ya pengo hilo ndimo ngumi zinamozaliwa.

Hoki ina dawa ya pengo hilo. Katika hoki ya nyasini, kadi ya kijani ni dakika 2 nje, ya manjano ni dakika 5 au zaidi, nyekundu hurudi tena. Raga pia: ya manjano ni dakika 10, na kwenye raga ya wachezaji saba ni dakika 2. Timu inabaki pungufu, mkosaji anakaa benchi anawatazama wenzake wakihangaika kwa ajili yake, kisha anarudi akiwa amepoa. Na si ndoto kwa soka. Tangu mwaka 2017 wanaotunga sheria za soka, IFAB, wanaruhusu kutolewa kwa muda katika soka ya vijana na ya mashinani, shirikisho la nchi likikubali. Uingereza walijaribu kwa wanaombishia refa, katika ligi 31, na FA yao ikatangaza kwamba ubishi ulipungua kwa asilimia 38. Kuanzia msimu wa 2019-20 wakaieneza kwenye soka yao yote ya mashinani.

Ninachotaka kwa makombe yetu ya vijijini ni hiki:

1. Kumkata mtu makusudi, kusukumana au kumtukana refa: dakika 10 nje, timu inabaki kumi.
2. Kurudia: nje kabisa.
3. Ngumi: nyekundu papo hapo, hakuna kurudi. Hapa siwafuati NHL hata kidogo.

Kwa nini naamini itafanya kazi? Mwanafunzi wa programu akisahau alama moja tu, mashine inamkatalia pale pale, naye anajifunza pale pale. Kosa likionekana baada ya wiki mbili, hajifunzi kitu, anatafuta wa kumlaumu. Adhabu ndogo inayokuja haraka inafundisha kuliko adhabu kubwa ambayo refa anaogopa kuitoa.

Najua mtauliza: nani atahesabu dakika, na timu zitabishana saa ya nani ni sahihi! Swali zuri. Nimeandika programu ndogo ya simu. Msaidizi wa refa anabonyeza timu na namba ya jezi, saa inaanza kurudi nyuma kutoka dakika 10, inasimama mechi ikisimama, inalia muda ukiisha. Haihitaji intaneti, inakwenda hata kwenye simu ya bei ya chini, na rekodi inabaki ili kusiwe na ubishi jioni. Ni bure. Kijana yeyote mwenye simu anaweza kuiendesha.

Wapo watakaosema hii itawalainisha vijana. Kwa hao jibu langu ni mechi ya Morocco. Kukaa kumi dakika 10 bila kufungwa ni mtihani wa ugumu kuliko kurusha ngumi moja na kuvunja fainali. Na yule winga wa mguu wa kushoto hahitaji baunsa. Anahitaji mkataji wake atolewe nje dakika ya 15, si ya 75.

Likizo ya Desemba inakuja na makombe yake. Nahitaji waandaaji wawili tu, mmoja upande wa Malindi na mmoja upande wa Kilifi, watakaokubali kuomba ruhusa kwa shirikisho na kujaribu kanuni hizi. Nitakuja mwenyewe na simu mbili zilizojaa chaji, nitahesabu kadi na mechi zilizovunjika, na takwimu zote nitaziweka hapa, hata zikinipinga.

Na wewe shabiki wa mabaunsa, uwanja ni wako hapo chini kwenye maoni. Njoo na hoja, ngumi ziache nyumbani.

Tuko pamoja.