Land Rover 109 kuwekewa injini ya dizeli: Mafuta yanapungua, kadi inabaki ya petroli

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA inapotangaza bei kikomo za mafuta, kuna watu macho yao yanakwenda moja kwa moja kwenye mstari wa dizeli. Nje ya nyumba wana pickup ya Land Rover 109 ya miaka ya 1970, injini ya petroli, inayokunywa kama ng'ombe aliyefika kisimani kiangazi.

Swali lao ni moja: nishushe hii injini, nipandishe ya dizeli?

Arusha na Manyara kazi hiyo si ngeni. Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 lilionyesha jinsi watu wanavyoyapenda magari haya. Ila fungua boneti za zile zinazopiga kazi kila siku. Mara nyingi hukuti injini iliyotoka nayo Uingereza. Unakuta Nissan, Isuzu au Toyota.

Sababu iko wazi. Bodi ya 109 ni ya aluminiamu, haiozi kwa kutu. Chesisi ni ya chuma, ikianza kuliwa inachomelewa. Kinachochoka ni injini, ile ya cc 2,286. Land Cruiser pickup mpya ni bei ya serikali na mashirika, na ukiagiza ya zamani kutoka nje unakutana na ushuru wa uchakavu. Basi mtu anabaki na gari lake, anabadilisha moyo tu.

Faida haiko kwenye bei ya lita

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanadhani dizeli ni nafuu, kwisha. Rudi Agosti 2022: Dar es Salaam petroli ilipita Sh3,400 kwa lita na dizeli ikawa juu ya Sh3,300. Tofauti haikufika hata Sh100. Kabla mwaka haujaisha, dizeli ikawa ghali kuliko petroli.

Faida iko kwenye kilomita. Tuchukue mfano wa mtu anayebeba vitunguu kutoka Mang'ola kwenda Karatu, safari ya kwenda na kurudi tuseme kilomita 120. 109 ya petroli yenye mzigo, kwenye barabara ya vumbi, tuipe kilomita 5 kwa lita. Hiyo ni lita 24. Dizeli yenye afya tuipe kilomita 9, itatumia lita 13 na kitu. Kwa bei ya mfano ya Sh3,000 kwa lita, moja inakula Sh72,000 na nyingine Sh40,000.

Ameokoa Sh32,000 kwa safari. Kama kazi yote ya kubadilisha imemgharimu Sh8 milioni na anakwenda mara nne kwa wiki, hela inarudi ndani ya mwaka mmoja na miezi miwili au mitatu. Akienda mara moja kwa wiki, anasubiri karibu miaka mitano. Na yule anayeitoa gari Jumapili kwenda kanisani na siku ya tamasha? Huyo aache petroli yake ilivyo, hela asomeshe watoto.

Gari linavuta vizuri, kusimama ndiyo shughuli

Kwa fundi, rahisi zaidi ni 200Tdi au 300Tdi za Land Rover yenyewe, cc 2,495, maana zinakubaliana na gia boksi ya zamani bila kuhangaika sana. Shida ni kuipata nzima. Za Kijapani zinapatikana na spea zake zipo hadi wilayani, ila lazima ichongwe sahani ya kuunganisha injini na gia boksi, la sivyo uhamishe zote mbili. Ndiyo maana wajanja wananunua "nusu", yaani gari lililokatwa katikati huko Japani au Falme za Kiarabu, wanapata injini, gia boksi na nyaya zake kwa pamoja.

Halafu kuna breki, na hapa naomba usome taratibu. Kwenye 109 yenye kile kidude cha duara kinachomsaidia dereva kukanyaga breki, nguvu yake inatokana na injini ya petroli inavyonyonya hewa. Dizeli hainyonyi hivyo. Inahitaji pampu yake ndogo ya kunyonya hewa, ambayo kwenye dizeli nyingi za Kijapani imefungwa nyuma ya altaneta. Altaneta ikifa, mtu akabana bei na kufunga ya kawaida isiyo na pampu, taa zitawaka, betri itachaji, lakini pedali itakuwa ngumu kama jiwe. Hutaijua tambarare. Utaijua ukiteremka ule ukuta wa Manyara kuelekea Mto wa Mbu na mzigo mgongoni, na breki zote nne za 109 ni za ngoma.

Kadi inasema kingine

Haya, injini imekaa, breki ziko sawa. Bado kadi.

Kadi ya gari ina namba ya chesisi, namba ya injini, ukubwa wa injini na aina ya mafuta. Siku injini ya Kijapani inapokaa mahali pake, vitu vitatu kati ya hivyo vinne vinakuwa uongo. Mmiliki anatakiwa kuitaarifu TRA ili gari likaguliwe na taarifa zibadilishwe. Wengi hawaendi. Gari linatembea, nani ana muda?

Muda unapatikana siku ya shida. Ukitaka kuuza, mnunuzi makini anakagua namba. Ukipeleka kadi SACCOS kama dhamana, wanakagua. Ikitokea ajali, kampuni ya bima ina pa kushikia: ulikatia bima gari la petroli, lililogonga ni la dizeli.

Baya zaidi ni injini yenye asili mbaya. Ukinunua bila risiti ya EFD wala karatasi za forodha, kisha ikaonekana imetoka kwenye gari la wizi, utaeleza polisi maneno ambayo huna ushahidi wake. Fundi aliyekuletea "kwa mshikaji wangu" simu yake haitapokelewa.

Kwa maoni yangu lawama si ya wenye magari peke yao. Mkoa ulijaza Land Rover barabarani tukapiga picha, vizuri. Lakini siku za namna ile, TRA na wakaguzi wa Polisi wangeweka meza pembeni, mtu akaja na gari na risiti ya injini akaondoka kadi ikiwa kwenye utaratibu, faida ingebaki hata baada ya vumbi kutulia. Anayeishi Loliondo hawezi kupoteza siku tatu mjini kwa ajili ya namba iliyogongwa kwenye chuma.

Kwa anayenunua 109 ya dizeli mwezi huu: omba kadi kabla hujaomba funguo. Futa mafuta na vumbi ubavuni mwa injini, soma namba, linganisha. Zisipofanana, muuzaji aanze yeye kwenda TRA, hela yako ibaki mfukoni hadi arudi.