Kisafisha maji si dawa ya malaria

Msomaji, ikiwa una wazazi au ndugu kule Birongo, Kisii, bila shaka unaijua simu ya usiku: mtoto ana homa, tufanye nini? Watu wa nyanda za juu hawana kinga kubwa dhidi ya malaria, na mikurupuko ya miaka ya 1990 iliacha misiba Kisii. Mzazi mwenye hofu hudanganyika upesi. Ndiyo maana leo nakuonya juu ya MMS, kimiminika kinachosifiwa kuwa madini ya miujiza yanayoponya malaria.

Hakuna muujiza humo. Ni sodiamu kloriti inayochanganywa na asidi, kama ile ya limau, ikatoa gesi ya manjano-kijani iitwayo klorini dioksaidi. Gesi hii haitulii. Mwanga na joto huivunja, na ikizidi hewani huweza kulipuka. Kwa hiyo hutengenezwa pale pale inapotumika. Molekuli yake ina elektroni moja isiyo na mwenzake, hivyo hupora elektroni za vitu inavyokutana navyo. Katika maji huua vijidudu, na mitambo ya maji huitumia kwa kipimo kidogo mno. Marekani hairuhusu izidi miligramu 0.8 kwa lita.

Lakini tumboni haichagui. Huunguza utando wa koo na utumbo, huleta kutapika na kuharisha, na huweza kuharibu damu ikashindwa kubeba oksijeni. Waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao ni wengi katika sehemu zenye malaria, wamo hatarini zaidi.

Wauzaji hudai kuharisha ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtoto huyo anapoteza maji mwilini, huku malaria ikipata muda wa kumpanda kichwani.

Usidhani haya yako mbali. Mwaka 2019 gazeti la The Guardian la Uingereza liliripoti kwamba huenda watu 50,000 walipewa kimiminika hiki nchini Uganda, kwa jina la dini. Serikali ya Marekani ilikuwa imeonya tangu 2010, na mwaka 2023 mahakama ya Florida iliwafunga baba na wanawe watatu kwa kukiuza.

Utaniuliza: mbona tunatia WaterGuard katika maji ya kunywa? Hiyo ni kemikali nyingine ya klorini, nayo hutiwa kidogo tu kwenye mtungi mzima. Kazi yake ni kusafisha maji, si kumtibu mgonjwa.

Basi simu hiyo ikija, waambie wampeleke mtoto kituo cha afya mara moja, apimwe damu, na akikutwa na malaria apewe dawa za AL na kuzimaliza. Nauli ya pikipiki itume wewe uliye mjini. Huo ndio msaada.