Mstari kwenye Kiwiko cha Sungura

Barua ya mwezi huu imetoka kwa mama mmoja wa Al Mansoura, hapa Doha. Binti yake wa darasa la kumi anatengeneza katuni ya dakika mbili, Sungura na Fisi, na msimulizi ni bibi yake aliyerekodiwa kwa simu kutoka Tanga. Bibi ameahidiwa kuiona siku ya Idi. Lakini kila Sungura anapokunja mkono, mstari mwembamba unatokeza kwenye kiwiko, na shingoni kuna mwingine. Mtoto amechora upya mara tatu. Jamaa wanamshauri mama anunue programu ya kulipia kila mwezi.

Mama, usinunue kitu kwanza. Nawe mwanangu, acha kuchora upya. Mkono wako hauna kosa.

Chini ya matabaka yote weka tabaka jipya, ulijaze rangi nyekundu kali, kisha utazame ule mstari. Ukigeuka mwekundu, ni ufa. Ukibaki mweusi, ni wino wa muhtasari. Ukibaki mweupe, ni mabaki ya karatasi.

Ufa ndio unaosumbua wengi, kwa sababu vipande vinaonekana vimegusana kabisa. Skrini imejengwa kwa vijiraba vidogo, yaani pikseli, na ukingo wa mchoro mara nyingi hukatisha katikati ya kijiraba. Ili ukingo usionekane kama ngazi, programu hukipaka kijiraba hicho rangi nusu tu. Kipande cha juu nacho hupaka nusu, lakini ni nusu ya kile kilichobaki wazi. Jumla ni robo tatu. Robo moja ya rangi ya nyuma inapenya, na jicho linaiona kama mstari.

Kwa hiyo kuvisogeza vigusane vizuri zaidi hakusaidii. Waezekaji wa makuti wanajua: kuti hulalia kuti. Refusha kipande cha chini kiingie chini ya kile cha juu, pikseli 10 hadi 20 kwa picha ya 1920 kwa 1080. Kwenye kiwiko, malizia sehemu zote mbili kwa duara la kipenyo kimoja, na kituo cha mzunguko kiwe katikati kabisa ya duara hilo. Duara likizunguka kwenye kitovu chake halibadiliki umbo, basi Sungura atakunja mkono atakavyo.

Kama ni wino, tenganisha mistari na rangi. Mistari ya sehemu zote mbili ikae chini, rangi za zote mbili juu yake. Rangi itameza mistari ya ndani ya kiungo na kuacha ya nje. Ichore minene mara mbili, maana nusu itafichwa. Toon Boom Harmony ina kifaa chake cha kazi hii, Auto-Patch, lakini mpangilio huu unawezekana pia kwenye OpenToonz na Synfig, ambazo ni bure.

Weupe ni rahisi: ficha tabaka la karatasi nyeupe, uhifadhi mchoro upya kama PNG. JPEG haitunzi uwazi.

Jambo moja la kuangalia. Fisi akitakiwa kutoweka polepole, usififishe kipande kimoja kimoja, la sivyo viungo vitakolea pale rangi zinapolaliana. Weka vipande vyote kwenye folda moja, ufifishe folda.

Na muda ukibana? Mjerumani Lotte Reiniger, katika filamu yake ya 1926 iliyotokana na Alfu Lela U Lela, alikata watu wake kwa karatasi nyeusi na kuunga viungo kwa waya. Nyeusi juu ya nyeusi, maungio hayaonekani. Sungura anaweza kuwa kivuli mbele ya mwezi, na hadithi ya bibi haitapungua kitu.

Kama nyumbani kuna wadogo na kelele, treni ya metro ya mstari wa kijani inaanzia hapo hapo Al Mansoura na kufika Maktaba ya Taifa ya Qatar bila kubadilisha.

Katuni ikiwa tayari, mtumieni bibi kwa WhatsApp kama hati, si kama video ya kawaida, kwa sababu video hubanwa na mistari myembamba huanza kutetemeka. Faili itakuwa kubwa. Mtumieni na bando.