Msiitie "Malaika" Sukari

Kuna watu wanaotaka "Malaika" ipigwe kwa mandolini kama wanavyotaka keki ya harusi: nyeupe, laini, tamu hadi ukingoni. Mpigaji anaanza tremolo kwenye noti ya kwanza na haachi mpaka makofi. Wasikilizaji wanafumba macho. Mimi nasema huo ni uongo, na unazisingizia ala na wimbo kwa pamoja.

Tuanze na ala. Mandolini ina nyuzi nane zilizopangwa jozi nne, zikikazwa kwa sauti zile zile za fidla: G, D, A na E. Lakini fidla ina upinde. Inaweza kuiburuta noti kwa muda itakao. Mandolini huguswa kwa piki, ikalia kwa ukali, kisha sauti ikafifia upesi. Tremolo, yaani piki kwenda juu na chini haraka mpaka sikio lidhani noti imerefuka, ni ufundi halali. Ukiutumia kila mahali, unakuwa kama bwana aliyekodi suti na gari kwenda kuposa: unaficha umaskini ambao ndio habari yenyewe.

Maana wimbo huu ni wa umaskini. Fadhili William wa Kenya aliurekodi na Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ubishi juu ya nani hasa aliutunga haujaisha. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliutia kwenye albamu yao ya 1965, Boney M. wakautoa mwaka 1981. Huko ulikokwenda, wengi hawakujua Kiswahili, wakabaki na melodi tu. Hao tuwasamehe. Sisi tunajua maneno. Kijana anampenda msichana na hawezi kumwoa kwa sababu hana mali. Basi. Ndani ya wimbo huu hakuna harusi.

Utaniambia mandolini haina maneno, kwa hiyo mpigaji yuko huru. Hapana. Ipige Mombasa au Morogoro uone: ukumbi mzima unaimba kimoyomoyo. Kila noti imesimama mahali pa silabi. Ukifika pale kijana anapokiri kuwa hana kitu, ukaanza kurembaremba, umemkatiza mtu akisema jambo gumu.

Wengine husema mandolini ndivyo ilivyo, ni ala ya mapenzi ya Ulaya. Haya, twende Ulaya. Katika opera ya Mozart, Don Giovanni, iliyoonyeshwa kwanza Prague mwaka 1787, mhusika mkuu anasimama chini ya dirisha akiwa amevaa nguo za mtumishi wake, anamwimbia kijakazi huku mandolini ikimfuata. Ni tapeli. Hata hivyo Mozart hakumpa tremolo; mandolini inadonoa noti moja moja, kavu, wazi. Ikiwa tapeli yule alipewa ala inayosema waziwazi, kwa nini kijana wetu, ambaye hadanganyi mtu, tumfunike kwa sukari?

Ninachodai si kigumu. Piga noti, iache ife. Mwisho wa mstari, nyamaza. Usiujaze ukimya kwa vibwagizo. Kama ni lazima uweke tremolo, iweke mara moja tu, pale sauti inapopanda, kisha iache.

Na msiniambie haya ni mambo ya wazee wa dansi. Tuna marafiki wenye shahada na wapenzi wa miaka mingi, wanaoahirisha posa kila Desemba kwa sababu ya mahari, ukumbi na michango ya kamati. Wanaalikwa kwenye harusi za wenzao, wanachangia, wanakaa meza za nyuma, na hapo ndipo "Malaika" inapopigwa kama keki. Wimbo unaowahusu wao kuliko mtu yeyote ukumbini umegeuzwa pambo la sherehe wasiyoimudu.

Ukialikwa kuupiga, upige kwa ajili ya meza ile ya nyuma. Huwezi? Chagua wimbo mwingine. Nyimbo za kusherehekea ndoa tunazo tele.