Chokaa ya Tambuu na Chumvi ya Nikotini

Vijana wachanganyao wenyewe maji ya sigara za umeme, zile waziitazo vepu, wana swali moja wanaloulizana kwa bidii kubwa: je, mtu aliyezoea nikotini huru aiache na kushika chumvi ya nikotini, ambayo yasifiwa kwamba ni laini kooni na hukata uchu upesi? Swali hili lina sura ya kigeni, lakini asili yake si ngeni kwa watu wa Pangani. Maana zamani sana, kabla Hon Lik hajabuni kifaa hicho nchini Uchina mwaka 2003, mabibi zetu wa Pangani mjini na wa Bweni ng'ambo ya mto walikuwa wakilijibu kila walipofungua vijaluba vyao, wakatwaa jani la mtambuu, wakalipaka chokaa, wakatia popoo na katu na, kwa yule aliyependa ukali, kipande cha tumbaku.

Mabibi hao walijua kwa ulimi kile ambacho wanakemia wamekithibitisha kwa mizani. Nikotini iliyoshikana na asidi huwa chumvi, na chumvi hiyo haipenyi kwa wepesi utando wa kinywa. Lakini ikikutana na kitu chenye tabia ya chokaa au magadi huachana na asidi yake, ikawa huru, ikapita mashavuni na chini ya ulimi hadi damuni. Kwa hiyo tumbaku ya tambuu iliyokosa chokaa ni dhaifu, na iliyozidishiwa huunguza kinywa, na kwa sababu iyo hiyo wasagao ugoro huuchanganya na magadi. Sigara ni kinyume cha mambo hayo: tumbaku ya Urambo na Tabora, ikaushwayo kwa hewa ya moto katika mabani, hutoa moshi wenye asidi kidogo, ambao haukipi kinywa kitu kikubwa, na kwa ajili hiyo mvutaji hulazimika kuushusha mapafuni, kwenye eneo pana mno ambapo nikotini hupita upesi hata moshi ukiwa na asidi.

Basi watengenezaji wa Marekani waliotoa vepu ya Juul mwaka 2015 walitia asidi ya benzoiki katika nikotini yao, wakaiuza kwa nguvu ya asilimia 5. Nikotini huru kwa kiasi hicho humfanya mtu akohoe na kuitupa, lakini chumvi hushuka kwa ulaini. Hapo ndipo lilipo jambo langu. Ukali wa koo ni bawabu aliyewekwa na maumbile mlangoni pa mapafu, na faida yote isifiwayo ya chumvi ni kumnyamazisha bawabu huyo ili mgeni aingie kwa wingi bila kuulizwa. Mtu aliyekuwa akitosheka na miligramu 3 au 6 za nikotini huru katika kila mililita, akihamia chumvi ya miligramu 30 au 50 kwa sababu tu haimkeri, amejiongezea minyororo kwa hiari yake.

Sisemi kwamba hakuna apaswaye kuhama. Yuko mtu aliyevuta sigara miaka mingi, ambaye moshi wake humtia lami na hewa ya sumu kila pumzi, na ambaye amejaribu nikotini huru akaiona inachelewa kumtuliza, akarudi kwenye pakiti yake. Mtu huyo, maadamu ana azma ya kweli ya kuiacha sigara kabisa na kuishusha nguvu hatua kwa hatua, namwona ana udhuru wa kushika chumvi, kwa kuwa taathira yake hufanana zaidi na ile ya sigara. Lakini aliyekwisha kutulia kwenye nikotini huru, haja yake ni kushuka, wala si kuhama. Ama kijana ambaye hajawahi kuvuta kitu, swali hili silo lake, na namsihi asilikaribie.

Na hao wachanganyao nyumbani wajue wanashika nini. Chupa ya mililita 100 yenye miligramu 100 kwa kila mililita ina miligramu 10,000 za nikotini, ambayo ni sumu ipenyayo hata ngozi ya mkono, na mtoto akiinywa kidogo tu yuko hatarini. Ilhali nyumba zetu za pwani ni za ukoo mzima, na meza ya kuchanganyia aghalabu ndiyo meza ya kulia. Nina hofu pia na tamaa ya kutia mafuta ya karafuu kwa ajili ya harufu. Mafuta yaliyo salama chunguni si salama mapafuni: ugonjwa wa mapafu uliozuka Marekani mwaka 2019 ulilaza watu zaidi ya 2,800 na kuua 68, na mshukiwa mkuu alikuwa mafuta ya vitamini E yaliyotiwa hasa katika vepu za bangi.

Wala asidhani msomaji kwamba nawasifu wazee wetu dhidi ya vijana. Wataalamu wa saratani wa Lyon, Ufaransa, walichapisha mwaka 2004 uamuzi wao kwamba popoo, hata bila tumbaku, husababisha saratani, na wengi wetu tumeona vinywa vilivyoharibika.

Sheria yetu ya bidhaa za tumbaku ni ya mwaka 2003, ambao ndio mwaka wa Hon Lik, kwa hiyo haikuandikwa kwa ajili ya chupa hizi. Uganda mwaka 2015 ilichagua kuzipiga marufuku kabisa. Naiheshimu nia hiyo, lakini kwa mwambao wetu, wenye bandari bubu nyingi na majahazi yavukayo usiku, nahofia marufuku tupu itaiondoa chupa dukani na kuiacha mfukoni, ikiwa haina maandishi wala kipimo. Mimi ningependa tufuate kikomo cha Ulaya, kilichowekwa na agizo la mwaka 2014, cha miligramu 20 kwa mililita, kwa nikotini huru na kwa chumvi vilevile. Na kila chupa iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zisomekazo bila miwani, aina ya nikotini iliyomo, nguvu yake, na kwamba iwekwe mbali na watoto.