Kabla ya kumfukuza mgonjwa kwenye urjansi, fungueni mlango mwingine

Tumezoea kusikia banganga wakilalamika: urjansi imejaa watu wa mafua, wa kuumwa kichwa, wa kidonda cha juzi, na yule aliyevunjika mguu mu mine anangoja nyuma yao. Ni kweli. Lakini lawama inamwangukia mtu asiyestahili. Mgonjwa anapita penye mlango ulio wazi, njo ile tu.

Kwa mpango wa zoni za afya, mgonjwa anaanza kwenye kituo cha afya cha kwao, kwa infirmiye. Ugonjwa ukimshinda, infirmiye anamwandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa ya zoni. Mpango mzuri sana. Lakini kwetu Mutshatsha, ukishikwa na homa usiku, mara nyingi unakuta kituo kimefungwa ao dawa zimekwisha. Na Kolwezi iko mbali, zaidi ya kilometa 100. Ukibahatika kupata gari ya kufika kule, hautaanza tena kutafuta kituo kidogo. Unaenda moja kwa moja penye munganga.

Na nani atamwambia mama kama homa ya mtoto wake si ya haraka? Malaria inaanza kama homa yoyote, na mtoto mdogo anaweza kuanza kushituka-shituka siku ileile. Kongo yetu peke yake iko na karibu wagonjwa 12 kati ya kila 100 wa malaria ya dunia nzima. Bamama wana haki ya kukimbia.

Sasa upande wa mine. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inalazimisha patron kulipia matunzo ya mfanyakazi na jamaa yake, hata kama ugonjwa umemshika nje ya kazi. Sosiete ninazozijua zinafanya mkataba na hospitali moja ya mujini, halafu zinampa mfanyakazi boni. Boni ile haitumike kwenye kituo cha afya cha kartie. Kwa hiyo mtu wa mafua anapanda basi mpaka hospitali, juu njo kule patron analipa. Akitoka kazini jioni, konsultasio imeisha, inabaki paka urjansi. Mwenzake wa sutretansi, asiye na boni, anangoja mpaka ugonjwa unamwangusha. Huyo akiletwa, ni urjansi ya kweli.

Wengine wanasema tuweke munganga wa magonjwa ya kawaida pale pale urjansi. Uingereza ilijaribu: mwaka 2017 serikali yao ilitoa pauni milioni 100 kwa kazi hiyo. Watafiti waliofuatilia waliona muda wa kungoja haukupungua sana. Mimi sikatae, munganga huyo awekwe, mtu wa mguu uliovunjika atashukuru. Lakini ile nchi iko na munganga wa mtaa karibu kila mahali, na bado haikutosha. Sisi tutaweka mmoja mlangoni, na vituo vya nyuma vibaki na kufuli?

Tukikaa tena na mapatroni kwa konvansio, tusiombe mshahara peke yake. Tudai boni ikubaliwe kwenye kituo cha afya kilicho karibu na nyumba ya mfanyakazi, na sosiete ilipe kituo kila mwezi, ili dawa zikuwepo na infirmiye wa usiku pia. Iandikwe vilevile mu mikataba ya sutretansi. Na delege wa kila sosiete aulize wiki hii: boni yetu inakubaliwa wapi, na mpaka saa ngapi?