Kura Pekee Haileti Amani Tana

Kufutwa kwa kifungu cha 2A mwaka 1991 kulituletea vyama vingi. Katiba ya 2010 ikatuletea kaunti. Tarehe 4 Machi 2013 wananchi wa Tana River, kutoka Kipini hadi Madogo, walichagua kwa mara ya kwanza Bunge lao la Kaunti: wadi 15, sita kati yake za Garsen.

Walipiga kura makaburi yakiwa bado mabichi. Agosti 2012 zaidi ya watu 50, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa Riketa. Septemba damu ikamwagika tena Chamwanamuma na Kilelengwani. Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji walifarakana juu ya ardhi na maji.

Sisi twashikilia kwamba wingi wa kura huamua nani aketi bungeni. Hauamui nani ana haki ya kuishi kando ya mto. Kifungu cha 185 kinalipa Bunge hilo uwezo wa kutunga sheria na kuisimamia serikali ya kaunti. Cha 196 kinaliamuru kufanya kazi hadharani. Bunge lisiloilinda malka ya mfugaji na shamba la mkulima kwa sheria moja ni udikteta ule ule uliovaa joho jipya.

Basi, wananchi na waumini, msilale baada ya kupiga kura. Nendeni bungeni, msikilize, muulize. Aliyeshinda kwa kura za jamii yake na aeleze amewatendea nini wale wasiomchagua.